Upepo Ulikuwa Mali ya Nani? Vinu vya Upepo na Wasaga Nafaka wa Vijijini Uingereza

Mwaka 1191, katika mji wa Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, dekano mmoja mzee, padri mwenye cheo, aitwaye Herbert alijenga kinu cha upepo. Habari zilipomfikia abati Samson, mkuu wa abasia, yaani nyumba ya watawa, iliyoumiliki mji ule, alighadhibika hata akaapa kwamba hatatia mkate kinywani mpaka kinu kile kibomolewe. Herbert akaenda kujitetea. Alisema upepo ni wa bure na hakuna mtu anayestahili kunyimwa, tena alikusudia kusaga nafaka yake mwenyewe tu. Abati akamjibu kwamba anamshukuru kama ambavyo angemshukuru mtu aliyemkata miguu yote miwili. Mzee wa watu aliyajua maana yake. Alirudi mbio, akakibomoa kinu chake kwa mikono ya watu wake, na watumishi wa abati walipofika hawakukuta kitu cha kubomoa.

Kisa hiki kimehifadhiwa na Jocelin wa Brakelond, mtawa wa abasia hiyohiyo aliyekuwa karibu na abati wake. Nimekianza kwa sababu picha ya kinu cha upepo tunayoonyeshwa siku hizi, mnara mweupe juu ya kilima na mabawa yanayozunguka polepole, inaficha jambo kubwa. Kwa zaidi ya miaka mia sita, kinu kilikuwa mahali ambapo watu wa kijiji cha Kiingereza waligombania chakula chao: nani asage, wapi, na akisaga abakiwe na kiasi gani. Na mtu aliyesimama katikati ya ugomvi huo, msaga nafaka, alibeba lawama ambazo kwa maoni yangu nyingi hazikuwa zake.

Tumwelewe kwanza yule abati. Mtu wa kawaida wa Uingereza ya wakati huo aliishi kwa mkate na uji, na nafaka haigeuki mkate bila kusagwa. Njia ya kale ilikuwa mawe ya kusagia kwa mkono, kazi ya kuchosha iliyowaangukia zaidi wanawake na kula saa nyingi za siku. Kinu kilichosukumwa na maji ya mto kilifanya kazi hiyo kwa wepesi. Mfalme William alipoagiza nchi yote ihesabiwe mwaka 1086, makarani wake waliandika karibu vinu 6,000, vyote vikisukumwa na maji au wanyama. Vya upepo havikuwapo hata kimoja. Kinu kilikuwa mali ghali, na mwenye uwezo wa kukijenga alikuwa kabaila au abasia. Wakishakijenga, walitaka fedha yao irudi. Kwa hiyo ikawekwa desturi yenye nguvu ya sheria: watwana wa eneo fulani walilazimika kusaga katika kinu cha bwana wao na si kwingineko, na katika kila gunia bwana alichukua sehemu. Mahali pengine ilikuwa moja ya kumi na sita, pengine moja ya ishirini na nne, kutegemea desturi ya eneo na hadhi ya mwenye nafaka. Mtwana alikatwa zaidi kuliko mtu huru. Aliyekamatwa akisaga kwingine alitozwa faini, na nafaka yenyewe iliweza kutaifishwa.

Hapo ndipo kinu cha Herbert kilipokuwa hatari. Mto ni rahisi kuumiliki, maana una kingo, na mwenye kingo anaweza kumzuia mtu. Upepo hauna kingo. Mtu yeyote mwenye mbao, fundi na kilima kidogo angeweza kusaga. Abati mwenyewe alilitamka wazi: watu wa mji ni watu huru, wangekimbilia kinu kipya wasage watakavyo, naye asingekuwa na njia ya kisheria ya kuwaadhibu. Ghadhabu yake ilikuwa ya mtu anayeona ukiritimba ukivuja.

Mji wa St Albans unaonyesha ugomvi huo ulivyoweza kufika mbali. Huko watu walikuwa wakisaga nyumbani kwa siri, kwa mawe ya mkono, ili kukwepa kinu cha abasia. Miaka ya 1330 abati Richard wa Wallingford, ambaye kwa upande mwingine alikuwa mwanahisabati mkubwa na mtengenezaji wa saa ya ajabu ya falaki, aliyakusanya mawe hayo nyumba kwa nyumba na kuyatumia kusakafia chumba cha abasia. Kila mtu wa mji aliyeingia humo alikanyaga mali aliyonyang'anywa, yake au ya baba yake. Mawe yalikaa sakafuni kwa miaka hamsini hivi. Mwaka 1381, wakulima walipoasi sehemu nyingi za nchi, watu wa St Albans waliingia abasiani, wakang'oa sakafu ile, wakavunja mawe vipande na kugawana, kila mtu na kipande chake, kama wanavyogawiana mkate uliobarikiwa kanisani. Sijui tukio jingine linaloeleza vizuri zaidi uzito wa kusaga katika maisha ya watu wale.

Turudi kwenye upepo. Vinu vya kwanza vya upepo duniani vilikuwa mashariki mwa Uajemi, eneo la Sistan, karne kadhaa kabla ya hivi vya Ulaya. Watu wengi husema wapiganaji wa Vita vya Msalaba ndio waliobeba ujuzi huo kuupeleka Ulaya. Kuna ugumu katika simulizi hiyo. Kinu cha Kiajemi kilizungukia nguzo iliyosimama wima, kama mlango unaozunguka, ilhali kile cha Kiingereza tangu mwanzo kilikuwa na mhimili uliolala na mabawa manne yaliyosimama kuukabili upepo. Mashine hizi mbili zimejengwa kwa fikra tofauti. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mwaka 1185 Watemplari, ule udugu wa watawa wapiganaji, waliorodhesha mali zao Uingereza na humo wakataja kinu cha upepo cha Weedley, Yorkshire, kilichokodishwa kwa shilingi 8 kwa mwaka. Miaka michache tu baadaye Papa Celestine III aliamua kwamba vinu vya upepo navyo vilipe zaka. Jambo halitozwi zaka kabla halijaenea, kwa hiyo tunaweza kuamini kwamba vilizaa upesi, hasa katika nchi tambarare ya mashariki ambako mito huenda polepole na upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna kilima cha kuuzuia.

Kinu hicho cha kwanza kilikuwa cha mbao, na tatizo lake kubwa linaeleweka kirahisi: upepo hubadilika. Mabawa yakiwa yameelekea magharibi na upepo ukahamia kusini, kazi imekwisha. Ufumbuzi wa mafundi wa karne ya 12 ulikuwa wa kijasiri. Waliisimamisha nguzo moja nene ya mwaloni, wakaishikilia kwa mihimili ya kuegemea pande nne, kisha juu ya nguzo hiyo moja wakaning'iniza nyumba nzima: mabawa, magurudumu, mawe, magunia na msagaji wake. Nyumba yote iligeuka. Nyuma yake kulitokeza mti mrefu kama usukani, na mtu aliusukuma kwa bega, wakati mwingine kwa msaada wa punda au farasi, mpaka mabawa yakabiliane na upepo. Kinu cha namna hii bado kimesimama Pitstone, Buckinghamshire, na mbao zake zina tarehe 1627. Kingine kiko Outwood, Surrey, cha mwaka 1665, na wenyeji husimulia kwamba mwaka uliofuata watu waliona kutoka huko mng'ao wa moto mkuu ulioteketeza London.

Baadaye likaja wazo lililopunguza uzito: mnara wa mawe au matofali usimame tuli, na kichwa chake tu, yaani paa lenye mabawa, ndicho kigeuke. Mnara ungeweza kujengwa mrefu zaidi, ukafuata upepo mkali wa juu, na kubeba jozi kadhaa za mawe badala ya moja au mbili. Palikuwa pia na aina ya tatu, mnara wa mbao wenye pande nane, mwepesi kuliko wa matofali. Kule Cranbrook, Kent, upo mmoja wa mwaka 1814 unaopita paa zote za mji.

Ndani ya aina zote tatu kazi ni ileile. Mabawa yanazungusha mhimili. Juu ya mhimili kuna gurudumu kubwa lenye meno ya mbao. Gurudumu hilo linauma jingine lililolala, na mwendo unashuka chini mpaka kwenye mawe. Kulikuwa na sababu ya kuacha meno ya mbao hata baada ya chuma kupatikana kwa wingi. Jino la mbao likigusana na la chuma halitoi cheche, na likivunjika linabadilishwa moja peke yake. Katika jengo la mbao kavu lililojaa vumbi la unga, cheche moja inatosha kulimaliza.

Mawe ndiyo moyo wa kinu. Yanafanya kazi mawili mawili, kila moja likiwa na upana wa kama mita 1.2 na uzito unaoweza kufika tani. La chini halitembei. La juu linazunguka mara mia na zaidi kwa dakika, na hayatakiwi kugusana kabisa. Wenyewe walisema nafasi kati yao iwe unene wa karatasi nzito katikati na wa karatasi nyembamba kabisa ukingoni. Nafaka inaingia kwa tundu la katikati, inakatwa na mifereji iliyochongwa usoni mwa mawe, inasukumwa kwenda nje huku ikisagika, na kutoka ukingoni ikiwa unga wa vuguvugu. Mawe yakienda mbali mno, unga unakuwa wa chengachenga. Yakikaribiana mno, unga unaungua na mawe yanaharibika. Tena umbali huo unabadilika kila upepo unapoongezeka, kwa sababu jiwe likienda kasi hupenda kuinuka. Kwa hiyo msaga nafaka alisimama siku nzima mkono mmoja ukiwa chini ya mdomo wa unga, akiufikicha kati ya kidole gumba na vidole vingine, na mkono mwingine ukirekebisha urefu wa jiwe. Nafaka ikikaribia kwisha, kengele ndogo ililia kumwonya, maana mawe yakizunguka matupu yanatoa moto.

Mawe yenyewe yalitoka mbali. Ya kijivu ya Derbyshire yalifaa shayiri na chakula cha mifugo. Kwa unga mzuri wa ngano walitaka mawe ya Ufaransa, kutoka La Ferté-sous-Jouarre katika bonde la Marne, ambayo hayakupatikana kwa kipande kimoja kikubwa; yaliunganishwa vipande vipande kwa plasta na kufungwa mikanda ya chuma. Kila baada ya majuma kadhaa ya kazi jiwe la juu liliinuliwa na kupinduliwa, na mifereji kunolewa upya kwa nyundo ya patasi, pigo baada ya pigo, siku nzima. Walikuwapo mafundi waliotembea kinu hadi kinu kwa kazi hiyo tu. Vipande vidogo vya chuma vilichomoka kwenye patasi na kuingia katika ngozi ya mikono yao, vikabaki humo na rangi ya buluu. Fundi mgeni alipofika kuomba kazi, aliulizwa aonyeshe mikono.

Nje, hali ilikuwa ngumu zaidi. Kwa karne nyingi kila bawa lilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa tanga la kitambaa. Watu wa pwani yetu watalielewa hili bila maelezo marefu: upepo ukizidi, tanga lazima likunjwe. Tofauti ni kwamba hapa matanga yalikuwa manne na yote yakizunguka. Ilibidi kinu kisimamishwe kwa breki, bawa moja liletwe chini, tanga lake likunjwe, breki iachiwe, bawa la pili liletwe, na kuendelea hivyo hivyo, hata usiku wa baridi kitambaa kikiwa kimeganda kama ubao. Dhoruba ikimwahi mtu, breki ilikuwa kamari. Akiifunga kwa nguvu, mbao zilisuguana na gurudumu mpaka zikashika moto. Akiiacha, mabawa yalikimbia hadi kitu kikavunjika. Jambo walilohofia kuliko yote ni upepo kuja kwa nyuma, maana kinu kilijengwa kuegemea upepo wa mbele, na kikipigwa mgongoni mabawa na paa viliweza kung'oka au jengo zima likalala chini.

Kwa hiyo mwenye kinu hakuwa na saa za kazi. Upepo ukikatika siku kumi, alikaa akingoja huku wanakijiji wakinung'unika unga umekwisha. Ukirudi saa nane za usiku, aliamka saa nane za usiku.

Kwa nini basi mtu wa kazi ngumu hivi alisemwa vibaya katika kila kijiji? Waingereza walikuwa na methali kwamba msaga nafaka mwaminifu ana kidole gumba cha dhahabu, yaani utamtafuta usimpate. Nyimbo na vichekesho vya zamani vimejaa wasaga nafaka wezi. Mimi naona jibu liko katika namna walivyolipwa. Wengi wao walikikodi kinu kutoka kwa kabaila kwa kodi ya kudumu, iwe mwaka wa neema au wa njaa, na pato lao likawa ile sehemu ya nafaka waliyoichota kwenye gunia la mteja kwa kibaba chao wenyewe. Mteja hakuwa na mizani. Alileta ngano, akaondoka na unga, na vitu hivyo viwili havilingani kwa ujazo wala kwa uzito, kwa kuwa nyingine imepotea kama vumbi, nyingine imebaki kwenye nyufa za mawe, na unga mpya umejaa hewa. Hata msaga nafaka aliye mkweli kabisa asingeweza kuthibitisha ukweli wake. Asiye mkweli alikuwa na njia mia za kuficha. Zaidi ya hayo mteja hakuruhusiwa kwenda kwingine. Mtu asiye na hiari ya kuondoka humshuku anayemhudumia, na kabaila aliyeweka mfumo huo alikaa mbali ambako manung'uniko hayakumfikia.

Simaanishi kwamba wizi haukuwapo. Kumbukumbu za mahakama za vijiji zina faini nyingi dhidi ya wasaga nafaka kwa kuchota kupita kiasi. Ila ukizisoma faini hizo kama ushahidi wa tabia ya kundi zima la watu, unakuwa umewaacha waliopanga mambo wapite bila kuulizwa.

Ule ulazima wa kusaga kwa bwana ulidhoofika polepole utwana ulipokuwa ukifa, lakini mahali pengine ulikawia hata unashangaza. Manchester ilihitaji sheria ya Bunge, mwaka 1758, ili watu waruhusiwe kusaga ngano yao watakako. Leeds ilijikomboa kwa fedha mwaka 1839, Wakefield mwaka 1853, wakati treni tayari zinapita nje ya mji.

Katikati ya karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19 ugomvi ulibadili sura. Bwana wa zamani alikuwa amepungua nguvu. Sasa adui machoni pa maskini alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na msaga nafaka aliyenunua, kuhifadhi na kuuza kwa bei aliyotaka. Mavuno ya 1795 na ya 1800 yalikuwa mabaya, Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na bei ya mkate ilipaa. Watu walivamia maghala, wakazuia mikokoteni barabarani, na mara nyingi hawakuiba: waliilazimisha nafaka iuzwe kwa bei waliyoiona ya haki, kisha wakamkabidhi mwenyewe fedha zake. Mwaka 1796 Bunge lilipitisha sheria iliyowataka wasaga nafaka wawe na mizani, wabandike bei zao mahali pa kuonekana, na walipwe fedha badala ya kuchota, isipokuwa kwa maskini asiye na fedha ya kulipa. Mizani iliingia kinuni baada ya miaka mia sita ya kibaba.

Kuna jibu jingine lililotoka kwa watu wenyewe, nalo linanigusa zaidi kuliko sheria ile. Mwaka 1795 maskini wa mji wa bandari wa Hull walimwomba meya msaada, wakachangishana, wakajenga kinu chao cha upepo wasage kwa bei yao. Kabla yao, mafundi wa meli wa Woolwich na Chatham walikwisha kufanya hivyo, na kinu cha Woolwich kilipoungua mwaka 1760, watu waliwanyooshea kidole waoka mikate wa mji. Wasaga nafaka wa Hull walitumia mahakama: mwaka 1811 walikishtaki kinu cha maskini kuwa ni kero kwa umma, wakashindwa. Miji mingine mingi ilifuata mfano huo. Tukizungumza historia ya ushirika huwa tunaanzia Rochdale, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1844, na ushirika wa namna hiyo ndio ambao serikali ya kikoloni ilikuja kuutungia sheria Tanganyika mwaka 1932. Lakini mizizi yake inafika mpaka kwenye vinu hivi vya watu wenye njaa, na ningependa wanaofundisha somo la ushirika kwetu waanzie huko.

Wakati huohuo mashine yenyewe ilikuwa ikipata akili. Mwaka 1745 Edmund Lee, mhunzi wa karibu na Wigan, alisajili hataza ya kipepeo kidogo, mfano wa feni, kilichofungwa nyuma ya paa, upande ulio mkabala na mabawa makubwa. Upepo ukibadilika, unakipiga kipepeo hicho ubavuni, kinazunguka, na kupitia gia kinaligeuza paa lote mpaka mabawa yaukabili upepo tena. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Mwaka 1772 Andrew Meikle, Mskoti, aliondoa tanga la kitambaa na kuweka vibao vingi vidogo vyenye springi, vilivyojifungua upepo ukizidi. Mwaka 1807 William Cubitt aliviunganisha vibao vya mabawa yote kwa fimbo moja iliyopita ndani ya mhimili, na mnyororo wenye uzito ukining'inia chini. Sasa mabawa yote yalirekebishwa kwa pamoja, yakiendelea kuzunguka. Mateso ya kukunja tanga lililoganda usiku yalikwisha kwa yeyote aliyeweza kulipia vifaa hivyo. Wengi hawakuweza, kwa hiyo utakuta kinu cha kitambaa na cha vibao vikifanya kazi katika wilaya moja kwa miaka mingi.

Kwa sababu ya maboresho haya, enzi kuu ya vinu vya upepo Uingereza ni karne ya 19 ya mwanzo, enzi ileile ya mvuke, na si zama za kati kama wengi wanavyodhani. Inakisiwa vilifika kama 10,000. Heckington, Lincolnshire, kuna mnara wa mwaka 1830 wenye mabawa manane, ambayo ulirithi kutoka kinu kingine cha Boston baada ya dhoruba ya 1890 kuuvunja kichwa chake. Si vyote vilivyosaga, maana katika mabwawa ya Fens na Norfolk mamia yalikuwa pampu za kuvuta maji ya mashamba.

Ni lazima nimtaje George Green. Baba yake, muoka mikate wa Nottingham, alijenga kinu cha matofali Sneinton mwaka 1807, na kijana huyu, aliyekaa shuleni kama mwaka mmoja tu utotoni, alifanya kazi humo. Mwaka 1828 alichapisha kwa michango ya wanunuzi wachache tasnifu ya hisabati ya umeme na sumaku, ambayo karibu hakuna aliyeielewa. Aliingia Cambridge akiwa na miaka 40 na kufariki mwaka 1841 bila kujulikana sana. Miaka minne baadaye William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliipata tasnifu ile na kuitangaza. Leo wanafizikia wa dunia nzima wanatumia kanuni zenye jina la Green. Kinu chake bado kinasaga.

Sasa anguko. Maelezo mafupi husema mvuke uliua upepo, na maelezo hayo hayatoshi. Mtambo mkubwa wa kwanza wa kusaga kwa mvuke, Albion Mills, ulifunguliwa London mwaka 1786, ukazua hofu kubwa kwa wasaga nafaka wa jiji. Ulipoungua Machi 1791, watu walishangilia hadharani kwenye daraja la Blackfriars. Lakini baada ya hapo vinu vya upepo vya vijijini viliishi na kuongezeka kwa miaka hamsini zaidi. Makaa ya mawe yalikuwa ghali mbali na migodi, na upepo haukuuzwa. Wengine walinunua mashine ndogo ya mvuke na kuifunga ubavuni mwa kinu kwa siku za utulivu, na maisha yakaendelea.

Kilichoviua ni mambo matatu yaliyokutana. La kwanza ni ngano. Mwaka 1846 Bunge liliamua kuondoa ushuru mkubwa uliolinda nafaka ya ndani, na kufikia miaka ya 1870 reli na meli za mvuke zilikuwa zikileta ngano ya nyanda za Amerika ya Kaskazini kwa bei ambayo mkulima wa Suffolk hakuiweza. Ngano hiyo ilishuka bandarini. Kinu kilichokuwa karibu na shamba kilijikuta kiko mbali na nafaka.

La pili ni chuma. Ngano ya Amerika ilikuwa ngumu, na mawe hayakuipenda. Mafundi wa Budapest walikuwa wamekamilisha njia nyingine: kupitisha nafaka katikati ya rola za chuma, jozi baada ya jozi, kila jozi ikiifungua kidogo zaidi, na chekeche kati ya hatua na hatua. Mhandisi Henry Simon alifunga mtambo wa namna hiyo Manchester mwaka 1878 kwa ajili ya kampuni ya ndugu wa McDougall. Rola hazipondi kila kitu pamoja kama mawe. Zinakwangua pumba na kukiondoa kiini chenye mafuta, na kinachobaki ni unga mweupe usiochacha upesi. Msomaji wetu anaijua tofauti hiyo jikoni kwake: ni tofauti ya dona na sembe. Kinu cha upepo kilitoa dona. Chekeche ziliweza kuusafisha unga wake kiasi, lakini weupe ule haukupatikana.

La tatu ni matamanio ya watu. Mkate mweupe ulikuwa chakula cha matajiri kwa karne nyingi, na uliposhuka bei, familia za wafanyakazi hazikusita. Siwezi kuwalaumu. Wasomi waliosifia baadaye mkate mweusi wa kijijini hawakuwa wamelazimishwa kuula maisha yao yote.

Mambo haya yote yanaonekana katika maisha ya mtu mmoja. Joseph Rank alizaliwa Hull mwaka 1854 katika familia ya wasaga nafaka, na mwaka 1875 alikodi kinu kidogo cha upepo na kukiendesha mwenyewe. Alipoona rola zinavyofanya kazi, hakuwa na shaka tena. Mwaka 1885 alijenga mtambo wa rola Hull, kisha mwingine mkubwa zaidi kando ya maji, kisha bandari nyingine. Kampuni yake ikawa kati ya wauzaji wakubwa wa unga nchini, na mwanawe J. Arthur Rank akatumia utajiri huo kuingia katika sinema.

Wenzake waliobaki vijijini hawakufunga milango siku moja. Waliacha ngano ya binadamu wakabaki na shayiri na oti za nguruwe na ng'ombe. Bawa lilipovunjika hawakuwa na fedha ya kulitengeneza, wakaondoa na la mkabala wake ili kinu kisiyumbe, wakaendelea na mawili. Wengine waliweka injini ya mafuta chini na kuyaacha mabawa yaoze. Kinu cha Saxtead Green, Suffolk, kilisaga kibiashara hadi mwaka 1947, alipofariki mwendeshaji wake wa mwisho. Juhudi za kuokoa vilivyobaki zilikuwa zimekwisha kuanza: mwaka 1931 chama cha kulinda majengo ya kale kiliunda kitengo maalumu cha vinu vya upepo, na mhandisi Rex Wailes alizunguka nchi nzima akivipima, kuvipiga picha na kuwahoji wazee walioviendesha.

Leo vichache vinasaga tena, vingi kwa nguvu za watu wa kujitolea, na unga wake unauzwa kwa wanaotaka mkate wa unga uliosagwa kwa mawe. Kazi ngumu iko kwa mafundi. Kinu cha mbao kisichozunguka huoza haraka, kwa sababu maji ya mvua hutuama mahali pamoja kwenye mabawa na kwenye maungio, kwa hiyo ili kisimame ni lazima kitembee. Ili kitembee anahitajika mtu anayejua kuchonga jino la gurudumu, kunyoosha mhimili na kunoa jiwe la Ufaransa, na ufundi huo sasa umo katika orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini kupotea Uingereza. Mwishoni mwa juma la pili la Mei kila mwaka vinu vingi hufungua milango kwa umma, na mwenye nafasi ya kufika huko aombe apelekwe ghorofa ya mawe, siku ambayo kuna upepo.